Kusoma mizani ya getini ukiwa ofisini: poti pepe za siriali kupitia ruta ya OpenWrt

Swali hurudi lilelile, liulizwe na anayepima miwa Bungoma, anayepokea maziwa Njoro au mwenye pampu ya umwagiliaji Ahero: kifaa kiko getini, kompyuta iko ofisini, na programu iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita inataka COM3 (jina la poti ya siriali kwenye Windows), haina habari na mtandao. RS232, kiwango cha siriali ambacho vifaa hivi hutumia, iliundwa kwa kebo fupi. Kipimo kinachotajwa siku zote ni mita 15 hivi. Ukivuta waya wa mita 80 kupita uwanjani, namba zitafika zimevurugika, na siku ya radi waya huohuo utaiingiza radi hadi mezani.

Njia nzuri ni kuweka ruta ndogo kando ya kifaa, kifaa kiingie kwenye ruta kwa USB, kisha kompyuta ya ofisi iundiwe poti pepe: COM ambayo programu inaiona kama ya kweli, kumbe data inapita kwenye mtandao. Hapa chini mfano wetu ni mizani yenye indiketa (kisanduku kinachoonyesha uzito) ya RS232, lakini hatua ni hizohizo kwa mashine yoyote ya siriali.

Neno moja kuhusu maneno. "Poti" humu ni ya siriali, iwe ya kushikika au pepe. Ile namba ya TCP ambayo ruta inasikiliza tutaiita "lango". Wanaochanganya hizo mbili huishia kuandika 3001 mahali pa COM na kushangaa.

Na kama kifaa chako kina RS485 (kiwango kingine cha siriali, cha masafa marefu) na shida ni umbali peke yake, simama hapo. RS485 kwenye waya wa jozi iliyosokotwa hufika hata mita 1200 kwa kasi ndogo. Huenda adapta mbili zinakutosha, bila ruta yoyote.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Ruta inayoendesha OpenWrt (mfumo huria wa ruta unaokuruhusu kuongeza programu zako) na yenye tundu la USB. GL.iNet GL-AR300M inatosha kabisa, TP-Link Archer C7 pia. Hifadhi ya ndani iwe MB 16 au zaidi. Zile ruta za zamani za MB 4 hazina nafasi ya vifurushi. Ruta uliyoletewa na kampuni ya intaneti kwa kawaida haifai, maana haikuruhusu kuweka programu zako.
- Adapta ya USB kwenda RS232 yenye kichwa cha DB9. Linux inazijua chipu za FTDI, PL2303, CP2102 na CH340.
- Kebo kati ya adapta na indiketa, na kipande kifupi cha waya cha kufanyia jaribio.
- Kitabu cha indiketa. Unatafuta vitu vinne: kasi, biti za data, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti ya kumalizia.
- Laptopu yenye PuTTY, programu ya bure ya kuongea na poti ya siriali au na lango la mtandao.
- UPS ndogo ya ruta. Stima ikipotea getini huku ofisini iko, utahangaika bure ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Tahadhari ya kwanza ndiyo ya gharama kubwa. Vile vibao vidogo vyenye pini zilizochomoza, vinavyouzwa kwa mafundi wa simu na ving'amuzi, ni vya TTL: volti 3.3 au 5. RS232 hubeba volti chanya na hasi, mara nyingi kumi na kitu. Ukiviunganisha moja kwa moja kwenye mizani utavichoma. Vivyo hivyo kwa zile pini za siriali zilizo ndani ya kasha la ruta yenyewe: ni za TTL, na tena ruta huzitumia kutoa maandishi yake inapowaka. Ziache.

HATUA KWA HATUA

1. Thibitisha kwamba kifaa kinaongea, kabla hujagusa ruta.

Chomeka adapta kwenye laptopu, iunganishe na indiketa, fungua PuTTY, chagua "Serial", andika namba ya COM na kasi (mara nyingi 9600). Bonyeza kitufe cha kuchapisha kwenye indiketa, au iweke itume mfululizo. Uzito ukitokea kwenye skrini, andika vipimo hivyo kwenye karatasi na uvibandike ndani ya kasha la indiketa. Atakayekuja baada yako atakushukuru.

Zikija herufi zisizosomeka, kasi au pariti si sawa. Indiketa nyingi hutumia biti 7 na pariti shufwa, si 8 bila pariti kama watu wanavyodhani. Isipokuja hata herufi moja, fanya jaribio la kuzungusha: chomoa kebo, gusanisha pini 2 na pini 3 za kichwa cha adapta kwa kile kipande cha waya, kisha andika kitu kwenye PuTTY. Ulichoandika kikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima na kosa liko kwenye kebo au kwenye indiketa. Upande wa kompyuta, pini 2 hupokea, pini 3 hutuma, pini 5 ni ardhi. Indiketa nayo ikiwa imepangwa hivyohivyo, unahitaji kebo ya kuvuka, yaani ile inayotoka pini 2 kwenda pini 3 na pini 3 kwenda pini 2, na 5 kwa 5.

Usiruke hatua hii. Kazi nyingi zinazokwama, mtu anapozifuatilia, kosa hulikuta kwenye waya au kwenye pariti, na mtandao haukuwa na hatia.

2. Ingiza ruta kwenye mtandao wa ofisi.

OpenWrt huja na anwani 192.168.1.1, na ruta ya ofisi mara nyingi ina anwani hiyohiyo. Ukizichomeka pamoja zitagombana na ofisi nzima itakosa intaneti. Kwa hiyo unganisha laptopu na ruta mpya peke yake, kwenye tundu la LAN, ingia kwa `ssh root@192.168.1.1`, weka nywila kwa amri ya `passwd`, kisha:

```
uci set network.lan.ipaddr='192.168.1.250'
uci set network.lan.netmask='255.255.255.0'
uci set network.lan.gateway='192.168.1.1'
uci set network.lan.dns='192.168.1.1'
uci set dhcp.lan.ignore='1'
uci commit
reboot
```

Mstari wa `ignore` huzima ugawaji wa anwani, ili kusiwe na ruta mbili zinazogawa. Hakikisha 250 iko nje ya kundi la anwani ambazo ruta ya ofisi hugawa. Kama ofisi inatumia 192.168.0.x au 192.168.100.x, badilisha namba zote zilingane. Baada ya ruta kuwaka tena, ipeleke getini na kebo ya ofisi iingie kwenye tundu la LAN, SI la WAN. Kebo ya shaba isizidi mita 100.

3. Weka vifurushi.

```
opkg update
opkg install ser2net kmod-usb-serial-ftdi
```

Kama chipu si FTDI, badilisha neno la mwisho: `kmod-usb-serial-pl2303`, `kmod-usb-serial-cp210x`, au `kmod-usb-serial-ch341` (hii ya mwisho ndiyo ya CH340 pia). Matoleo mapya ya OpenWrt yameacha opkg. Huko utaandika `apk update` na `apk add`.

Upakuaji ukikataa kwa sababu ya cheti, andika `date` kwanza. Ruta nyingi za namna hii hazina betri ya saa, na baada ya stima kukatika zinaweza kuamka na tarehe ya zamani. Subiri dakika chache ipate saa kutoka mtandaoni, kisha jaribu tena.

Chomeka adapta na uandike `dmesg | tail`. Unatafuta mstari unaotaja `ttyUSB0`. Usipouona, hujaweka kifurushi cha chipu yako.

4. Andika faili la mipangilio.

Kifurushi cha ser2net, ndicho kinachopeleka data ya siriali mtandaoni, huja na huduma yake na mipangilio yake. Ni rahisi zaidi kuizima na kutumia faili lako mwenyewe, utajua kila kilichomo:

```
/etc/init.d/ser2net stop
/etc/init.d/ser2net disable
vi /etc/siriali.yaml
```

Ndani yake weka:

```
%YAML 1.1
---
connection: &mizani
  accepter: telnet(rfc2217),tcp,192.168.1.250,3001
  connector: serialdev,/dev/ttyUSB0,9600n81,local
  options:
    kickolduser: true
```

Nafasi za mwanzo wa mistari ni za kitufe cha nafasi, si cha Tab, YAML haisamehi. `9600n81` ni kasi 9600, bila pariti, biti 8 za data, biti 1 ya kumalizia. Mizani ya biti 7 na pariti shufwa itaandikwa `9600e71`. Neno `local` huiambia ruta isingoje ishara za modemu, ambazo kebo ya nyaya tatu haina.

`kickolduser` usiisahau. Kompyuta ya ofisi ikizimika ghafla, ruta hubaki ikidhani bado imeunganishwa, na kompyuta ikiwaka inakataliwa kwamba poti ina mtu. Mstari huo humwondoa wa zamani na kumpokea mpya. Ubaya wake ni kwamba kompyuta mbili zikiunganishwa kwa lango moja zitakuwa zinatoana kila sekunde chache. Mizani moja, kompyuta moja.

Sasa hilo neno `telnet(rfc2217)`. RFC 2217 ni utaratibu wa mwaka 1997 unaoruhusu kompyuta kuiambia ruta, kupitia mtandao, "badilisha kasi iwe 4800", na kubeba ishara kama RTS na DTR. Poti pepe za Windows huutumia. Ukitaka data mbichi tu, kwa mfano kwa programu ya socat kwenye Linux, futa sehemu hiyo ibaki `accepter: tcp,192.168.1.250,3001`. Pande zote mbili lazima zikubaliane: upande mmoja ukiwa mbichi na mwingine telnet, utaona herufi za ajabu mwanzoni mwa kila muunganisho, au baiti ya 255 ikija mara mbili.

5. Iwashe kwa mkono na ujaribu.

```
ser2net -d -c /etc/siriali.yaml
```

Ikikaa kimya bila kulalamika, ni vizuri. Fungua dirisha la pili la ssh, andika `netstat -tln`, uone 192.168.1.250:3001. Halafu nenda kwenye kompyuta ya ofisi, fungua PuTTY, chagua "Telnet" (au "Raw" kama uliweka data mbichi), anwani 192.168.1.250, namba 3001. Mtu wa getini abonyeze kitufe cha kuchapisha. Uzito ukitokea, nusu ya kazi imekwisha na nusu ngumu ndiyo hiyo.

6. Ifanye iwake yenyewe.

Fungua `/etc/rc.local` na juu ya `exit 0` uweke:

```
(sleep 15; ser2net -c /etc/siriali.yaml) &
```

Zile sekunde 15 ni za kuingoja USB na mtandao vikae sawa. Kisha:

```
echo /etc/siriali.yaml >> /etc/sysupgrade.conf
```

ili faili lisipotee siku ya kusasisha ruta. Vifurushi vyenyewe vitapotea siku hiyo, na utarudia hatua ya 3. Sasa chomoa stima ya ruta, hesabu kumi, irudishe, na ujaribu tena na PuTTY. Mtambo ambao haujawahi kuzimiwa stima kwa makusudi haujajaribiwa.

7. Unda poti pepe kwenye Windows.

Unahitaji com0com, inayounda jozi ya poti zilizoungana mgongo kwa mgongo, na hub4com, inayochukua ncha moja ya jozi na kuipeleka mtandaoni. Weka com0com toleo lililotiwa saini. Windows za sasa hukataa dereva isiyo na saini. Kwenye kompyuta ya hesabu usizime Secure Boot kwa ajili ya hili. Kama dereva inakataa, tumia HW VSP3 ya HW group, ambayo toleo lake la poti moja ni la bure na halihitaji hub4com.

Kwenye dirisha la mipangilio la com0com, ipe ncha ya kwanza jina COM3, ya pili iache CNCB0. Programu nyingi za zamani huonyesha COM1 hadi COM4 tu, kwa hiyo usichague COM17. Angalia kwanza "Device Manager" kama COM3 haijachukuliwa. Halafu, kutoka kwenye folda ya hub4com:

```
com2tcp-rfc2217.bat \\.\CNCB0 192.168.1.250 3001
```

Acha dirisha hilo wazi, fungua programu ya mizani, ichague COM3 kwa kasi ileile ya mizani. Ikifanya kazi, iweke amri hiyo kwenye "Task Scheduler" ianze kompyuta inapowaka. Kosa la kawaida hapa ni kuipa programu ya mizani ile ncha ya CNCB0, au kuipa hub4com COM3. Ncha moja ni ya programu, ya pili ni ya mtandao.

8. Au kwenye Linux.

```
while true; do
  socat -d -d pty,link=/tmp/mizani,raw,echo=0 tcp:192.168.1.250:3001
  sleep 3
done
```

Programu itafungua `/tmp/mizani`. Kumbuka ruta iwe kwenye `tcp` bila telnet. Kubadilisha kasi kwenye poti hii pepe hakuna athari; kasi inayotawala ni ile iliyo kwenye siriali.yaml. Kama programu unaiandika wewe mwenyewe kwa Python, huhitaji poti pepe kabisa: pyserial inafungua `socket://192.168.1.250:3001` moja kwa moja.

KWA WENYE PAMPU NA INVATA ZA SOLA

Vifaa hivi huongea Modbus (lugha ya mawasiliano ya mitambo) kwenye RS485. Adapta iwe ya RS485, waya A kwa A na B kwa B (watengenezaji hawakubaliani A ni ipi, kwa hiyo kukiwa kimya jaribu kuzigeuza), na kizuizi cha omu 120 kwenye kila ncha ya mstari mrefu. Hapa kuna mtego mmoja unaowakamata karibu wote: kinachotoka kwenye ser2net ni Modbus RTU iliyobebwa ndani ya TCP. Modbus TCP ni kitu kingine, ina kichwa chake na haina zile baiti mbili za ukaguzi mwishoni. Programu yako ikichaguliwa "Modbus TCP" haitapata jibu hata siku moja. Tafuta chaguo la "RTU over TCP", au pitia poti pepe. Ongeza pia muda wa kusubiri jibu hadi milisekunde 1000. Mtandao huchelewesha, na chipu ya FTDI yenyewe kwa kawaida husubiri hadi milisekunde 16 kabla ya kupeleka data kidogo.

USALAMA, RADI NA UMBALI

ser2net kwa mpangilio huu haina nywila wala usimbaji. Yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi anaweza kufungua lango 3001 na, kwa mashine inayopokea amri, kuiamuru. Ndiyo maana tumeifunga kwenye anwani ya LAN. Usiifungulie lango kutoka intaneti, hata "kwa siku mbili tu". Ukitaka kusoma mizani ya Kakamega ukiwa Kisumu, weka WireGuard (VPN, njia iliyosimbwa kupitia intaneti) na data ipite ndani yake. Laini nyingi za simu hazikupi anwani ya umma ya peke yako, kwa hiyo ruta ya getini ndiyo ianze kupiga kwenda kwenye seva yenye anwani ya umma, na iweke `PersistentKeepalive` ya sekunde 25.

Ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi sana. Kebo ya mtandao inayotoka jengo moja kwenda jingine ni njia ya radi kama ilivyokuwa ile ya RS232. Kama una uwezo, vuka uwanja kwa faiba au kwa redio za Wi-Fi za kuelekezana, na ununue adapta ya USB iliyotengwa kiumeme. Adapta hugharimu kidogo kuliko bodi ya indiketa.

IKIKATAA

PuTTY inasema muunganisho umekataliwa: ser2net haijawaka. Iendeshe tena kwa `-d` usome inalalamikia mstari gani. Mara nyingi ni Tab ndani ya YAML, au anwani ya ruta iliyobadilishwa huku faili likibaki na ya zamani.

Muunganisho hauishi kungoja: kosa liko kwenye njia ya mtandao. Fanya `ping 192.168.1.250`. Isipojibu, angalia kama kebo iko kwenye WAN, au kama kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya wageni.

Unaunganishwa, kisha unatupwa papo hapo: poti ya USB haipo, au kompyuta nyingine inagombea. `ls /dev/ttyUSB*` itakuambia. Adapta ikichomoka wakati poti imefunguliwa, inaweza kurudi ikiwa ttyUSB1 na faili bado linataja ttyUSB0. Kuwasha ruta upya hurekebisha. Kuifunga USB kwa kamba ya plastiki huzuia isijirudie.

PuTTY inaona uzito lakini programu ya mizani haioni: kosa liko upande wa Windows. Funga PuTTY kwanza, hasa kama uliiacha wazi, kisha hakikisha dirisha la hub4com linaendesha.

Uzito unakuja nusu, "12" halafu "450": TCP haina ahadi kwamba mstari mmoja utafika kwa kipande kimoja. Programu inapaswa kusoma hadi ifikie alama ya mwisho wa mstari. Kama huwezi kuibadilisha, punguza mara ambazo indiketa hutuma kwa sekunde, au iweke itume kwa kubonyezwa.

Ilifanya kazi asubuhi, mchana namba zimeharibika: poti pepe imebadilisha kasi kupitia RFC 2217, kwa kawaida kwa sababu mtu amefungua programu nyingine kwenye COM3. Rudisha kasi kwenye mipangilio ya programu, funga, fungua tena.